Fremu namba 3, kibanda cha gemu na mfano wa China

*TAARIFA YA OFISI YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Ndugu wanachama, haya hapa chini ni maneno ya ofisi ya Katibu kama yalivyosomwa kwenye kikao cha ndani Jumamosi iliyopita. Tunayatuma kwenye kundi kwa sababu wengi wenu mlikuwa kazini, wengine msibani, na kwa sababu tangu jana yameanza kusimuliwa mtaani kwa namna ambayo hata sisi tulioyasoma hatuyatambui. Ni marefu. Tunaomba kila mmoja ayasome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, ndugu wajumbe wa Kamati, wazee wetu, mama zetu, viongozi wa mashina, vijana wetu, ndugu wanachama wote, salaam.

Mezani kuna barua mbili, na zote zinahusu fremu namba 3 ya jengo letu. Ya kwanza imetoka kwa wazee. Inaomba mpangaji aondolewe, kibanda cha gemu kifungwe mara moja, na fremu apewe mfanyabiashara wa nafaka. Ya pili imetoka kwa vijana. Inaomba kibanda kibaki, mkataba uongezwe miaka miwili, na tawi liwaandikie barua ya utambulisho kwenda halmashauri ili waombe mkopo wa kununua kompyuta za kujifunzia kutengeneza gemu. Chini kabisa ya barua hiyohiyo kuna ombi la mpangaji mwenyewe la kuweka mashine mbili za kamari, zile za kutumbukiza sarafu.

Kabla hatujaenda mbali, tuseme jambo moja la fedha. Kodi ya fremu namba 3 ndiyo inayonunua umeme wa LUKU wa ofisi na kumlipa mlinzi wa usiku, na mpangaji hajachelewesha hata mara moja. Tawi linanufaika na kibanda kile. Mkitusikia tunakitetea mahali fulani, pimeni maneno yetu mkilijua hilo.

Sasa, kilichotushangaza ni kwamba barua zote mbili zimeitaja China. Wazee wameandika kwamba Wachina, ambao ni watu makini, wamewakataza watoto wao kucheza gemu. Vijana wameandika kwamba Wachina wanatajirika kwa gemu na kwamba gemu yao ya yule nyani wa hadithi imeuzika dunia nzima. Ofisi ikaona isiwe kazi ya kila upande kuchukua kipande cha China kinachomfaa. Tukakaa tukafuatilia habari yenyewe tangu mwanzo, na tulichokikuta ni kwamba pande zote mbili zimesema kweli. Ila nchi hiyo ilikwisha kupita kwenye njia zote zilizo mezani kwetu, moja baada ya nyingine, na gharama zake zinaonekana.

Mwezi Juni 2000, wizara na idara 7 za serikali ya China, zikiongozwa na Wizara ya Utamaduni, zilipiga marufuku kutengeneza na kuuza ndani ya nchi mashine za gemu za kuchomeka kwenye televisheni, yaani jamii ya PlayStation kama zile zilizomo kwenye fremu namba 3. Sababu zilikuwa zilezile zilizo kwenye barua ya wazee wetu: masomo yanashuka, watoto hawalali, wazazi wanalia. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 15. Ililegezwa Shanghai mwaka 2014 na kuondolewa nchi nzima mwaka 2015.

Watoto hawakuacha. Mashine ziliendelea kuingia kwa njia za panya, na walio wengi wakahamia kwenye vibanda vya intaneti, kwa kuwa marufuku ilihusu mashine za televisheni na haikugusa kompyuta. Vibanda hivyo viliota kila kona. Vingine vilikuwa na leseni, vingine havikuwa nayo, na vile visivyokuwa nayo ndivyo vilivyokuwa tayari kumpokea mtoto usiku wa manane, kwa sababu mwenye navyo tayari alikuwa nje ya sheria na hakuwa na cha kupoteza.

Hapa tunaomba utulivu wenu. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni 2002, kibanda kimoja cha intaneti kilichoitwa Lanjisu, mjini Beijing, katika wilaya ya Haidian yenye vyuo vikuu vingi, kilishika moto. Walikufa watu 25, wengi wao wanafunzi. Moto ulikuwa umewashwa na wavulana wa miaka 13 na 14 waliokuwa wamegombana na wahudumu wa pale. Kibanda hakikuwa na leseni, mlango ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Baada ya msiba huo serikali ilifunga vibanda vingi, na kabla ya mwaka kuisha kanuni mpya zikawakataza wote walio chini ya miaka 18 kuingia kwenye vibanda vya intaneti.

Ndugu wanachama, fremu namba 3 ina mlango mmoja. Dirisha la nyuma lina nondo, kama madirisha yote ya jengo letu. Jumapili jioni, siku ya mashindano yao ya mpira wa kwenye skrini, tulisimama nje tukahesabu vijana 31 ndani ya chumba kile, na televisheni nne na feni mbili zinategemea waya mmoja wa ekstensheni uliopita chini ya mkeka. Katika barua zote mbili, ya wazee na ya vijana, hakuna mstari hata mmoja unaotaja mlango. Kwa maoni ya ofisi hilo ndilo jambo la kwanza, na halisubiri mkutano wala kura. Fundi amekwisha kuja kupima ukuta wa nyuma.

Turudi kwenye fedha, maana hapa ndipo sisi tuliozoea daftari la mapato na matumizi tulikaa muda mrefu zaidi.

Miaka ile gemu za kununua kwenye diski zilikuwa hazimlipi mtengenezaji wa China. Diski moja ikitoka, kesho yake imenakiliwa na inauzwa barabarani kwa bei ya chee. Waliojaribu biashara hiyo wengi walifilisika. Kilichogeuza mambo ni gemu za mtandaoni, kwa sababu sehemu muhimu ya gemu ya namna hiyo hukaa kwenye kompyuta za mwenye gemu, na mchezaji hawezi kuinakili na kuondoka nayo. Mwaka 2001 kampuni moja ya Shanghai iitwayo Shanda ilileta gemu kutoka Korea Kusini, Legend of Mir 2, ikauza muda wa kucheza kwa kadi za kukwangua kwenye vibanda vilevile vya intaneti. Ni vocha kama za simu, hakuna tofauti. Mei 2004 kampuni hiyo ikauza hisa zake kwenye soko la Nasdaq la Marekani.

Halafu mwaka 2006 akaja mfanyabiashara Shi Yuzhu, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kuuza dawa za lishe kwa wazee. Akatoa gemu iliyoitwa Zhengtu na akasema: kuingia bure. Utacheza usiku kucha bila kulipa senti. Lakini ukitaka upanga mkali kuliko wa mwenzako, utanunua. Ukitaka kujaribu bahati kwenye sanduku ambalo huenda lina kitu adimu na huenda halina, utanunua, na utanunua tena. Mwaka uliofuata naye akapeleka kampuni yake kwenye soko la hisa la New York. Tangu hapo sehemu kubwa ya gemu za simu duniani imefuata njia hiyo.

Tuwape hesabu. Mwaka 2024 mapato ya soko la gemu ndani ya China yalikuwa yuan bilioni 325.78, sawa na dola za Marekani zinazokaribia bilioni 45. Wachezaji walikuwa milioni 674. Ukigawanya, kila mchezaji ametoa wastani wa yuan 483 kwa mwaka, ambazo si nyingi. Mtu akikuonyesha wastani huo atakuambia hakuna tatizo. Lakini kila aliyewahi kufunga vitabu vya biashara anajua wastani unavyoweza kuficha mambo. Katika gemu za kuingia bure, walio wengi hawalipi chochote. Wachache ndio wanaolipa, na katika hao wachache kuna wanaolipa mpaka ada ya shule na hela ya matibabu. Ndiyo maana kuanzia tarehe 1 Mei 2017 serikali ya China ilizilazimisha kampuni zitangaze waziwazi uwezekano wa mtu kupata kila kitu kilichomo kwenye sanduku la bahati. Mwaka 2019 ikaweka na kikomo cha matumizi: mtoto wa miaka 8 hadi 15 asizidishe yuan 200 kwa mwezi, na wa miaka 16 na 17 asizidishe yuan 400. Walio chini ya miaka 8 wasilipe kabisa.

Kwa hiyo ombi la mashine mbili za kamari ofisi inalikataa, na tunalikataa bila kuzunguka. Michezo ya kubahatisha hapa nchini ina sheria yake na bodi yake, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuigusa. Kijana anayelipia mechi ya mpira kwenye skrini anajua atapata nini: dakika zake kumi, pedi mkononi, ashinde au afungwe. Anayetumbukiza sarafu kwenye mashine ile hajui, na mashine imetengenezwa ili asijue. Mpangaji ametuambia kwamba mashine hizo zingemwezesha kulipa kodi kubwa zaidi. Tunamwamini. Tawi haliihitaji nyongeza hiyo.

Sasa tuje kwenye hoja ya wazee wetu, ile ya saa za kucheza, maana ni hoja nzito na hatutaki kuipita juu juu.

Mwaka 2017 gazeti la Chama cha Kikomunisti cha China, People's Daily, liliishambulia gemu ya simu ya kampuni ya Tencent iitwayo Honor of Kings kwamba inawaathiri watoto, na kampuni ikaanza kuwawekea watoto kikomo. Mwaka 2019 serikali ikaweka kanuni: dakika 90 kwa siku ya kawaida, saa 3 siku ya sikukuu, na hakuna kucheza kuanzia saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi. Mwishoni mwa Agosti 2021 ikakaza zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa. Hicho ndicho wazee wetu walichokisikia, na ni kweli.

Lakini tazameni kinachohitajika ili kanuni hiyo iendeshwe. Kila mchezaji anajisajili kwa jina lake halisi na namba ya kitambulisho. Kampuni kubwa zinaunganishwa na mfumo wa serikali wa kuhakiki namba hizo. Watoto wakaanza kutumia vitambulisho vya babu na bibi. Mwaka 2021 Tencent ikaweka ukaguzi wa sura kwa kamera ya simu nyakati za usiku ili kumnasa mtoto anayejifanya mtu mzima. Hizo ni gharama za nchi yenye uwezo mkubwa, na hata hapo ushindi wake si wa moja kwa moja. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi uliotumia takwimu za zaidi ya saa bilioni 7 za uchezaji nchini humo, kabla na baada ya kanuni ya 2019. Hawakuona ushahidi kwamba kucheza kupita kiasi kulipungua. Uchunguzi huo haukuihusu kanuni kali ya 2021, na uligusa sehemu moja tu ya gemu za nchi ile, kwa hiyo tusiuchukue kama neno la mwisho. Lakini mzee anayetuambia kwamba amri peke yake inatosha, tunamwomba auweke kwenye mizani.

Na hapa kwetu, tukifunga fremu namba 3 watoto watakwenda wapi? Simu nyingi walizonazo ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Shenzhen iitwayo Transsion. Ndani ya simu hizo wanacheza PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile, ambazo zimetengenezwa na studio za Tencent hukohuko China. Gemu iko chumbani tayari, chini ya shuka, saa nane za usiku, bila mtu wa kusema zima. Kibandani angalau kuna mtu mzima.

Tena kuna kitu tunacho ambacho China imelazimika kukitafuta kwa kamera. Mwenye kibanda anawajua watoto wale kwa majina, na anawajua mama zao. Anajua nani yuko darasa la sita na nani amefukuzwa ada. Usajili wa majina halisi tunao bure, na kinachokosekana ni kumbana mpangaji autumie. Mama mmoja wa shina la pili ametuambia kwamba mwanawe alikaa pale siku tatu mfululizo akiwa na sare za shule, saa tano asubuhi, na hakuulizwa. Alituambia kwa sauti ya chini, lakini alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Jambo la tatu ni kufunga kwa ghafla. China kila gemu inayouzwa lazima iwe na namba ya kibali kutoka serikalini. Mwaka 2018, wakati ofisi zinazohusika zinapangwa upya, vibali vilisimama kwa takriban miezi tisa. Vikasimama tena kuanzia Julai 2021 hadi Aprili 2022. Tencent ilitikisika lakini ilikuwa na akiba, na gemu zake za zamani ziliendelea kuingiza fedha. Walioanguka ni wadogo. Magazeti ya China yaliripoti kampuni zipatazo 14,000 zinazohusiana na gemu zilizofutwa kwenye daftari la usajili katika nusu ya pili ya mwaka 2021. Mtu mwenye wafanyakazi watano, aliyekopa, gemu yake imekamilika na inasubiri namba tu, hawezi kulipa mishahara ya miezi tisa bila mauzo. Hata tetesi ziliumiza: tarehe 22 Desemba 2023 serikali ilipotoa rasimu ya kanuni za kubana matumizi ndani ya gemu, hisa za Tencent zilishuka kwa zaidi ya asilimia 12 siku hiyohiyo na za NetEase kwa takriban robo. Mwezi uliofuata rasimu ikaondolewa kwenye tovuti ya serikali.

Mpangaji wetu si Tencent. Ana mkataba unaokwisha mwezi wa sita, na ana mkopo wa televisheni anaoulipa kila wiki. Tukimtoa mara moja kama barua ya wazee inavyotaka, kwanza tutakuwa tumevunja mkataba wetu wenyewe, pili tutamrudishia kodi ambayo imekwisha kutumika. Tunawakumbusha wajumbe kwamba hilo litaonekana kwenye taarifa ya fedha ya tawi, na sisi ndio tutakaoiandika.

Vijana wetu, msifurahi mapema. Sasa ni zamu yenu.

Mmeandika habari za Black Myth: Wukong, na mmeandika kweli. Ilitoka tarehe 20 Agosti 2024, kwa bei ya yuan 268, na ndani ya siku 3 zilikuwa zimeuzwa nakala milioni 10. Inamhusu Sun Wukong, nyani wa hadithi ya kale ya Wachina ya safari ya kwenda magharibi, hadithi ambayo kila mtoto wa kule ameisikia kwa bibi yake. Mahekalu yanayoonekana ndani yake ni ya kweli: sehemu 27 kati ya 36 walizozitumia ziko mkoa wa Shanxi, na mkoa huo ukaitumia gemu kutangaza utalii wake. Ni habari nzuri. Sisi wenyewe tuliposoma tulijiuliza Abunuwasi anangoja nini.

Lakini barua yenu inaruka kutoka kwenye kompyuta mpya mpaka kwenye nakala milioni 10, na katikati hakuna kitu. Katikati kuna hivi. Waliotengeneza gemu ile, kampuni ya Game Science, waliianzisha mwaka 2014 baada ya kuacha kazi Tencent, ambako walikuwa wamekwisha kutengeneza gemu nyingine juu ya nyani huyohuyo. Hawakuanza na gemu kubwa. Walianza na gemu za simu, ndogo, za kuwalipia pango la ofisi. Agosti 2020 walitoa video ya dakika 13 kuonyesha kazi yao, na lengo lao mojawapo lilikuwa kuvutia mafundi waje kuajiriwa, maana hawakuwatosha. Kutoka hapo ikawachukua miaka minne kamili.

Na mafundi wenyewe walitoka wapi? Kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilifungua studio Shanghai tangu 1996. Mwaka 2004 hapohapo Shanghai ilianzishwa Virtuos, ambayo kazi yake ni kufanya kazi za kampuni nyingine: kuchora miti, nguo, magari na kuta za gemu ambazo jina lake halitang'aa popote. Miaka mingi vijana wa China walichora viatu vya wahusika wa gemu za Wamarekani na Wajapani, kwa mshahara wa kawaida, wakijifunza. Huo ndio ufundi uliokuja kuonekana baadaye. Na kazi yenyewe ni ngumu. Kampuni nyingi za teknolojia za kule zilijulikana kwa utaratibu wa saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku, siku sita kwa wiki, mpaka Agosti 2021 Mahakama Kuu ya nchi ikasema wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Kijana anayedhani kutengeneza gemu ni kucheza gemu, kiti cha fremu namba 3 kinamtosha.

Mfano unaowafaa zaidi ni mwingine, nao hamkuuandika. Wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai walianzisha kikundi kilichokuja kuwa kampuni ya miHoYo. Mtaji wao wa mwanzo ulikuwa mkopo usio na riba wa yuan 100,000 kutoka mfuko wa Shanghai wa kuwasaidia wahitimu kuanzisha kampuni. Mwaka 2020 walitoa Genshin Impact, ambayo ilichezwa dunia nzima kwa siku moja. Tumeutaja mfano huu kwa sababu nasi tunao mkopo usio na riba: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Ila wale watatu walipokwenda kuomba walikuwa tayari na kitu cha kuonyesha. Nyinyi mnaomba kompyuta kwanza, kazi baadaye. Afisa maendeleo ya jamii atawauliza mtarejesha kwa mauzo ya nini, na hamjamwandalia jibu.

Baada ya kusema yote hayo, ofisi inapendekeza ifuatavyo, na Mkutano Mkuu wa Tawi ndio wenye uamuzi.

Mpangaji amalize mkataba wake, na baada ya hapo apewe mwaka mmoja, si miwili. Mkataba mpya uwe na masharti yaliyoandikwa na kubandikwa ukutani kwa herufi za kusomeka. Mlango wa pili ukatwe ukuta wa nyuma kabla ya mwisho wa mwezi huu. Gharama tugawane nusu kwa nusu, na nusu yake aikate kwenye kodi kwa miezi mitatu. Nondo za dirisha ziwekewe bawaba zifunguke kutoka ndani bila ufunguo. Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni, na ule waya wa chini ya mkeka utoke leo. Mpaka mlango huo ukamilike, watu wasizidi 15 ndani kwa wakati mmoja, hata kama ni fainali.

Mwenye sare za shule asiingie, saa yoyote ile. Siku za shule mtoto asiingie kabla ya saa 10 jioni, na aliye chini ya miaka 18 awe ametoka saa 1 jioni. Hatukuchukua saa moja ya Wachina kwa sababu hatuna namna ya kuisimamia. Hizi tunaweza, maana ofisi iko fremu ya pili kutoka pale na mlinzi anaingia kazini saa 12. Mtoto akionekana mara mbili saa za masomo, mpangaji ampigie mzazi. Mpangaji akikutwa hakupiga mara tatu, mkataba unakwisha, na hapo wazee watakuwa na haki yao yote.

Mashine za kamari hapana. Kubeti kwa fedha juu ya mechi za skrini, jambo ambalo tumesikia linafanyika usiku, nalo hapana.

Vijana wachague watu watano. Programu za kutengenezea gemu zipo, na Unity na Unreal zina toleo la bure la kujifunzia. Kompyuta ya ofisi ni ya zamani, Unreal haitaiweza, lakini kwa gemu ndogo ya simu itasogea. Tunawapa kila siku saa 2 hadi saa 5 asubuhi, isipokuwa siku za vikao, kwa miezi minne. Mwisho wa miezi hiyo walete gemu moja ndogo inayofanya kazi, hata kama ni ya kuhesabu karata au bao, pamoja na karatasi moja ya hesabu: nani atalipa, kiasi gani, na kwa njia gani ambayo si sanduku la bahati. Barua ya utambulisho kwenda halmashauri itaandikwa siku hiyohiyo, na karatasi hiyo ya hesabu tutawasaidia kuipanga, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Wasipoleta, hakuna barua.

Mfanyabiashara wa nafaka tumekwisha kuzungumza naye. Fremu namba 5 itakuwa wazi mwezi wa nne, ina nafasi zaidi na haipitishi unyevu. Ameridhika kusubiri.

Mkutano Mkuu wa Tawi ni Jumapili ijayo, saa 4 asubuhi, ofisini. Akidi ihakikishwe na viongozi wa mashina. Wazee wanne waliosaini barua tunawaomba wafike mapema kidogo, saa 3, tukawaonyeshe fundi alipoweka alama ya mlango. Asiyeweza kufika ampe maoni yake kiongozi wake wa shina kwa maandishi kabla ya Jumamosi jioni. Maoni ya sauti za dakika saba yanayotumwa humu saa sita za usiku hayatahesabiwa.

Tunaomba kuwasilisha.

*Ofisi ya Katibu wa Tawi*